Uliza Tukujibu: Swichi Hii ni ya Plati Ipi?

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu jambo moja: chombo kizima, hakijaharibika, lakini kinamshinda mtu kukitumia. Tumezifupisha, na tumezijibu kwa urefu usiolingana kwa sababu maswali yenyewe hayalingani. Msimamo wetu mtauona humu: mtu akikosea kitufe kilekile mara kwa mara, cha kurekebishwa ni kitufe.

SWALI: Tunaunda jiko la umeme la plati 4. Swichi zote nne ziko mbele kwa mstari mmoja, na juu ya kila moja tumechora kimchoro cha kuonyesha plati yake. Watu tuliowapa wajaribu bado wanawasha plati isiyo na sufuria. Je, tukikuza michoro itasaidia?

JIBU: Itasaidia kidogo sana. Shida iko kwenye mpangilio. Plati zimekaa kwa mraba, swichi zimekaa kwa mstari, na hakuna kitu kwenye mstari ule kinachomwambia mtu kama swichi ya pili ni ya plati ya mbele au ya nyuma. Swichi 4 na plati 4 zinaweza kuunganishwa kwa namna 24. Mtumiaji hupunguza mwenyewe, kwa kudhani kwamba swichi mbili za kushoto ni za plati za kushoto, zikabaki namna 4. Hapo ndipo mnapotaka mchoro umalizie kazi, lakini mpishi ana kijiko mkono mmoja na macho yako kwenye sufuria. Mkono unafika kwenye swichi kabla jicho halijafika kwenye mchoro.

Jambo hili limepimwa zamani. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani, Chapanis na Lindenbaum, walilinganisha mipangilio minne ya majiko ya plati 4. Mpangilio ambao plati zilipishana, hata kila moja ikawa na nafasi yake ikitazamwa kutoka mbele, haukuzaa kosa hata moja. Mitatu iliyobaki, yenye plati kwenye mraba wa kawaida, yote ilizaa makosa. Inasikitisha kwamba majiko mengi yanayotoka viwandani leo bado yana mraba uleule.

Chukueni jiko lenye upana wa milimita 600. Pimeni kutoka ukingo wa kushoto hadi katikati ya kila plati: ya nyuma kushoto iwe milimita 120, ya mbele kushoto 190, ya nyuma kulia 390, ya mbele kulia 460. Yaani safu ya mbele yote imesogea kulia kwa milimita 70 kuliko safu ya nyuma. Kisha wekeni swichi kwenye vipimo hivyohivyo: 120, 190, 390, 460. Kila swichi sasa iko mbele ya plati yake, na zimejigawa jozi mbili zenye pengo kubwa katikati. Plati za milimita 145 na 180 zinaenea bila kubanana, kwa kuwa kati ya plati mbili za safu moja kuna milimita 270. Pengo la milimita 70 kati ya swichi mbili za jozi pia linatosha vidole kushika moja bila kugusa ya pili, mradi kipenyo cha swichi kisizidi milimita 45 hivi.

Kama bati la juu limeshakatwa na haliwezi kubadilika, hamisheni swichi. Zipangeni mraba mdogo upande wa kulia wa jiko, mbili nyuma na mbili mbele. Swichi ya nyuma kushoto ya mraba ni ya plati ya nyuma kushoto, basi. Njia hii inakula nafasi, na swichi zitakuwa karibu na joto, kwa hiyo hakikisheni plastiki yake inastahimili.

Kabla hamjafunga kazi, kagueni na upande wa kuzungusha. Kwenye umeme watu wamezoea kuongeza kwa kuzungusha kufuata saa. Kwenye gesi ni kinyume: unabonyeza, unazungusha kinyume cha saa, na moto mkubwa ndio unaokuja kwanza, kwa sababu kuwasha kunahitaji gesi ya kutosha, moto mdogo uko mwisho, penye kizuizi, ili mtu aupate bila kuuzima kwa bahati mbaya. Jiko la mchanganyiko, plati mbili za gesi na mbili za umeme, lina tabia mbili zinazopingana kwenye ubao mmoja. Hapo msitumie swichi za umbo moja. Ya gesi iwe na ubavu mrefu wa kushika, ya umeme iwe ya mviringo, ili vidole vijue viko wapi kabla ya kuzungusha.

SWALI: Mama yangu haoni vizuri tena. Maikrowevu yake ina paneli laini kabisa, haina kitu cha kupapasa. Sitaki kununua nyingine. Nifanye nini?

JIBU: Mpe mama pole, na umwambie paneli hiyo inarekebishika. Unahitaji vidoti vya silikoni vyenye gundi, vile vinavyobandikwa chini ya miguu ya vitu visikwaruze meza. Chagua vidogo, kipenyo cha milimita 3 hadi 6, kimo kisichozidi milimita 2.

Kwanza jua paneli ni ya aina gani, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chukua penseli ya mbao, ugeuze upande usiochongwa, ubonyeze kitufe. Kikiitika, vitufe ni vya utando: chini ya plastiki kuna swichi inayobonyea, na kidoti kinaweza kubandikwa juu ya kitufe chenyewe. Kisipoitika kwa penseli lakini kikaitika kwa kidole, paneli ni ya mguso, inahisi kidole chenyewe badala ya msukumo. Hiyo usibandike kidoti juu ya kitufe, kwa sababu mbili. Unene wa kidoti hupunguza uwezo wa paneli kuhisi kidole, na mama akiwa anapapasa kutafuta kidoti atakuwa ameshawasha kitu. Bandika pembeni, milimita 8 hadi 10 chini ya kitufe, umwelekeze kwamba akihisi kidoti apandishe kidole kidogo.

Usijaze paneli vidoti. Vikizidi vinne au vitano vinakuwa upele tu, kidole hakitofautishi. Weka kimoja kwenye kitufe cha kuanza. Kwenye kitufe cha kusimamisha weka alama ya umbo jingine, kipande kirefu cha silikoni kilichokatwa kama mstari. Tofauti hii haikubuniwa ovyo: kiwango cha kimataifa cha alama za kupapasa kwenye vyombo vya nyumbani kinatumia nukta kwa kuanza na mstari kwa kusimamisha, na ukiifuata nyumbani vyombo vyote vitazungumza lugha moja. Kama kuna tarakimu, weka kidoti kwenye 5 peke yake. Nyingine zitahesabika kutoka hapo, kama kwenye simu za vitufe.

Kubandika: futa sehemu kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke kabisa, bandika, kandamiza kwa sekunde 30, na usiifute kwa kitambaa chenye maji kwa siku nzima. Mafuta ya kupikia ndiyo yanayobandua vidoti, wala si ubovu wa gundi.

Kwa mashine ya kufulia yenye swichi ya mviringo inayozunguka bila kikomo, weka vidoti viwili: kimoja kwenye ncha ya swichi, kingine kwenye bodi ya mashine mbele ya programu anayoitumia kila siku. Vikikutana, programu iko tayari. Kuna swichi za kisasa ambazo hazina ncha, zinazunguka na taa ndizo zinazohama. Kwa hizo njia hii haifai. Zima umeme wa mashine na uwashe, ili swichi irudi kwenye programu yake ya mwanzo, kisha mwandikie kwa herufi kubwa idadi ya mibofyo hadi programu anayoitaka.

SWALI: Vitufe vya mguso kwenye jiko letu la kioo vinajizima au kujiwasha maji yakimwagika. Fundi anasema bodi ni mbovu. Je, ni kweli?

JIBU: Yawezekana bodi ni nzima na usanifu ndio wenye kasoro. Kitufe cha mguso hupima uwezo wa pedi ya shaba, kipande bapa kilicho chini ya kioo, kuhifadhi chaji. Kidole kikikaribia, kipimo hupanda kidogo. Utando wa maji juu ya kioo nao hukipandisha, na mbaya zaidi, huunganisha pedi mbili jirani, bodi ikaona vidole viwili. Maji ya chumvi, kama mchuzi uliofurika, husumbua kuliko maji matupu.

Mwenye kusanifu ana silaha kadhaa, na anatakiwa azitumie zote pamoja. Pedi mbili zikisoma mguso kwa wakati mmoja, programu isikubali chochote, isipokuwa kuzima. Pembeni mwa vitufe iwekwe pedi ya ulinzi isiyo na kazi nyingine ila kuhisi kitu kipana. Ikiguswa, vitufe vyote vifungwe hadi maji yafutwe. Kuwasha kudai kidole kikae angalau sekunde 1. Kwa kioo cha milimita 3 hadi 4, pedi za milimita 12 hadi 15 zilizoachana milimita 5 au zaidi hufanya kazi vizuri. Kioo kikiwa kinene zaidi, pedi nayo ikue. Pia kusiwe na hewa kati ya bodi na kioo. Pengo dogo tu la hewa hudhoofisha hisia kwa kiasi kikubwa, mtengenezaji naye hufidia kwa kuongeza ukali wa kuhisi, na ukali huo ndio unaofanya tone la maji lionekane kidole. Fundi wenu akifungua jiko, aangalie kwanza kama springi au gundi inayokandamiza bodi kwenye kioo imelegea.

Jambo moja tunalisema kwa mkazo. Jiko likijizima kwa maji ni usumbufu. Likijiwasha ni hatari, na hilo lisitumike mpaka litengenezwe. Na kama mnasanifu jipya, wekeni swichi halisi ya kubonyea kwa ajili ya kuzima kila kitu. Mtu ambaye mafuta yanaanza kuwaka kwenye sufuria yake hapaswi kukausha kidole kwanza.

SWALI: Babu hasikii mlio wa mashine ya kufulia hata akiwa chumba hichohicho. Sisi unatuumiza masikio.

JIBU: Vipaza vidogo vya bei nafuu hulia kwa nguvu zaidi karibu na hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde, yaani sauti nyembamba), na watengenezaji huchagua mlio huo kwa sababu unapatikana kwa umeme kidogo. Usikivu wa uzee huanza kupotea kwenye sauti nyembamba. Kwa hiyo kuongeza nguvu hakumsaidii babu, kunawatesa ninyi tu. Kwa wanaosanifu: shukeni chini ya hezi 2,500, kwa kipaza kinachofaa mlio huo, si kwa kulazimisha kilekile. Kwa mashine mliyo nayo, angalieni kama mipangilio ina chaguo la mlio. Kama haina, taa inayomweka inayoonekana kutoka kwenye kiti chake itafaa kuliko mlio wowote.

Taa nayo isitegemee rangi peke yake. Nyekundu na kijani zinazowaka mahali pamoja hazitofautiki kwa wanaume wengi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanaume 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha rangi hizo. Taa mbili, moja juu na moja chini, humaliza tatizo.

SWALI: Friji ina namba 1 hadi 7. Namba 7 ni baridi sana au kidogo? Na je, nikiweka 7 itapoa haraka?

JIBU: Kwa friji nyingi zenye namba tupu, 7 ndiyo baridi zaidi. Na hapana, haitapoa haraka. Kwenye friji ya kawaida, kidhibiti cha joto huwasha na kuzima kompresa. Hakiisukumi ifanye kazi kwa kasi. Ukiweka 7, kompresa itafanya kazi kwa nguvu ileile ila itachelewa kuzimika, na ukisahau kurudisha, mboga zitaganda. Oveni ni hivyohivyo: ukitaka nyuzi 180, weka 180.

Kupata namba sahihi, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, ukiache usiku kucha. Unatafuta nyuzi 3 hadi 5 za Selsiasi. Kama sivyo, sogeza namba moja tu, usubiri saa 24 ndipo upime tena. Maji ni ya lazima, kwani kipimajoto kilicho hewani hubadilika kila mlango unapofunguliwa.

Kwa wasanifu, namba tupu ni ishara dhaifu. Mtu anaweza kuisoma kama kiasi cha baridi au kama kiasi cha joto, na zote mbili zina mantiki. Chapeni neno «baridi zaidi» mwisho mmoja wa mstari. Gharama yake ni wino.

SWALI: Natengeneza kipima muda cha oveni chenye swichi ya kuzungusha ya kidijiti. Nikizungusha taratibu ni sawa, nikizungusha haraka namba zinaruka au kurudi nyuma. Pia umeme ukikatika kila kitu kinapotea.

JIBU: Swichi hiyo, enkoda, ina miguso miwili ya ndani inayofunguka na kufunga kwa kupishana. Kila mbofyo mmoja hupita hali 4. Enkoda ya mibofyo 24 ikizungushwa mara 3 kwa sekunde inapita hali 288 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 3.5 hivi. Kama programu yako inaisoma kila milisekunde 10, inakosa hali mbili kati ya tatu, na kwa kuunganisha zilizobaki inaweza kuamini swichi imerudi nyuma. Isome kila milisekunde 1. Weka jedwali la hali zinazoruhusiwa kufuatana, na mruko wowote usiowezekana uupuuze badala ya kuukisia. Kwenye kila mguso weka rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 10 kutuliza mirindimo ya chuma kinapogusana.

Hapo utakuwa umerekebisha usomaji, lakini bado mtu atachoka kuzungusha hadi dakika 90. Acha hatua zikue: sekunde 5 kwa mbofyo hadi dakika 1, sekunde 30 hadi dakika 10, kisha dakika 1, na baada ya saa moja dakika 5. Usifanye hatua zitegemee kasi ya mkono tu. Wazee na wenye mikono inayotetemeka hurukaruka na hawajui kwa nini. Namba kwenye kioo ibadilike ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo mtu atazungusha zaidi akidhani swichi haijasikia.

Kuhusu kumbukumbu, kosa la kawaida ni kuandika thamani kwenye EEPROM, yaani chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kila mbofyo. Nyingi huahidi maandiko 100,000 kwa kila nafasi. Maandiko 200 kwa siku yatakufikisha kwenye kikomo hicho kwa siku 500. Subiri sekunde 3 baada ya mkono kutulia, ndipo uandike mara moja.

Umeme ukirudi, usirudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Oveni, pasi na chochote chenye moto kibaki kimezimwa, na kioo kieleze kwamba umeme ulikatika, kionyeshe muda uliokuwa umebaki, kisubiri mtu abonyeze. Friji kinyume chake: iendelee yenyewe, lakini kompresa icheleweshwe dakika 3 hadi 5 ili shinikizo la gesi lisawazike, maana kuilazimisha kuanza ikiwa na shinikizo huichosha.

SWALI: Tuna wazo la paneli mpya ya mashine ya kufulia lakini hatuna fedha za kuunda mashine ya majaribio. Tutajuaje kama inaeleweka?

JIBU: Kateni boksi gumu kwa ukubwa halisi wa mashine, bandikeni paneli iliyochapwa kwa vipimo halisi, na iwekeni kwenye kimo halisi. Kimo hakisameheki: paneli inayosomeka mezani inaweza isisomeke kwa mtu mfupi au aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Vifuniko vya chupa vitakuwa swichi.

Tafuteni watu 5 ambao hawajaiona, na angalau wawili wawe na zaidi ya miaka 60. Mpeni kila mmoja kazi, msimpe maelezo: «Nguo hizi ni za sufu, zifue.» «Umesahau soksi moja nje, na mashine imeshaanza.» «Simamisha sasa hivi.» Mwombeni aseme kwa sauti anachofikiri. Mmoja wenu awe mashine, abadilishe vikaratasi vya kioo kila kitufe kinapobonyezwa. Mwingine aandike mambo mawili tu: mkono ulikwenda wapi kwanza, na ulisita kwa muda gani. Mtu akiuliza «nibonyeze hiki?», jibuni «wewe ungefanyaje?» na mnyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, hasa kwa aliyechora paneli. Ni afadhali yeye asiwe chumbani.

Mkono wa watu watatu kati ya watano ukienda kwanza mahali pasipo sahihi, msiandike maelezo marefu pale. Hamishieni kitufe pale mikono ilipokwenda, chapeni upya, na tafuteni watu wengine 5, kwa sababu wale wa kwanza wameshajifunza. Duru tatu za namna hii zinamalizika ndani ya wiki moja. Soksi iliyosahaulika, kwa uzoefu wa kazi hii, ndiyo kazi inayofichua mengi: karibu kila mtu atatafuta kitufe cha kusimamisha kwa muda, na paneli nyingi zina cha kuanza na cha kuzima tu.